Hawajaja Wote, Wote Hawajaja: Mwongozo wa Kusikiliza Maneno ya Kiasi

Muuguzi wa kliniki ya watoto mjini Louisville anauliza kama watoto wamechanjwa surua. Mama ana watoto wanne, na wewe ndiye unayemkalimania. Anajibu: "Hawajachanjwa wote." Ukimwambia muuguzi kwamba hakuna aliyechanjwa, umekosea, na huenda mtoto aliyekwisha kudungwa sindano yake kule kambini Nyarugusu akadungwa tena. Mama amesema kwamba wapo waliochanjwa na yupo aliyebaki. Angetaka kusema hakuna hata mmoja, angeanza na wote: "Wote hawajachanjwa." Maneno ni mawili, yale yale, na kupishana kwake kunaweza kuigeuza hesabu kutoka mtoto mmoja hadi wanne.

Masikio yetu yanalijua jambo hili tangu utotoni. Mwalimu akiambiwa "hawajaja wote", anasubiri waliobaki; akiambiwa "wote hawajaja", anauliza kuna msiba gani. Shida huanza pale unapolazimika kulihamisha neno hilo haraka kwenda lugha nyingine, mbele ya mtu aliyeshika kalamu. Kiingereza hakitakusaidia hapo, kwa sababu sentensi yake inayoanza na wote na kufuatiwa na ukanushi inaweza kueleweka kwa njia zote mbili, na msikilizaji atachagua ile iliyo karibu na mawazo yake.

Ninawaandikia wanaoifanya kazi hii kwa mshahara na wanaoifanya bure: mpwa anayempeleka shangazi hospitali, jirani anayewasomea wenzake barua za mwenye nyumba, kijana aliyegeuzwa karani wa familia nzima. Louisville, Columbus na Buffalo kuna watu hao wengi. Katika mwaka wa fedha wa 2016 pekee Marekani iliwapokea wakimbizi 16,370 kutoka Kongo, idadi kubwa kuliko ya nchi nyingine yoyote mwaka huo, na Kiswahili chao cha miji ya Uvira na Bukavu, au cha kambi za Nyarugusu na Nakivale, kimekuja nao hadi kwenye miji hii. Columbus wapo pia Wabantu wa Somalia, ambao baadhi yao walizoea Kiswahili katika kambi za Kenya kabla ya kuanza kuletwa Marekani mwaka 2003.

Maneno ninayoyaita maneno ya kiasi ni wote, kila, baadhi, wengi, wachache, yeyote, hakuna, angalau, tu, pekee na jamaa zao. Hayataji kitu unachoweza kukionyesha kwa kidole. Kazi yake ni kulinganisha makundi mawili. Ukisema "Wapangaji wengi wamelipa", liko kundi la wapangaji na liko kundi la waliolipa, na neno wengi linaeleza sehemu gani ya kundi la kwanza imo ndani ya la pili. Jon Barwise na Robin Cooper walilipanga wazo hili kwa lugha ya hisabati mwaka 1981, na tangu hapo wanaisimu wamelijengea mengi. Kwa mkalimani na msomaji wa fomu, la kushika ni kwamba akili haiwezi kulielewa neno la kiasi mpaka ipate kundi la kuanzia, na kundi hilo mara nyingi halitajwi. Msikilizaji hulijaza mwenyewe, bila kujua kwamba amelijaza. Kwa hiyo, kabla hujatafuta idadi, tafuta kundi.

Kundi gani hasa?

Mama mwenye nyumba akiuliza, "Kila mtu amekula?", hakuna anayewafikiria watu wa Kisangani. Kila mtu maana yake ni waliomo nyumbani jioni hiyo. Craige Roberts, aliyefundisha isimu katika Chuo Kikuu cha Ohio State hapo Columbus, alieleza katika makala yake ya mwaka 1996 kwamba mazungumzo huendeshwa na swali lililo mezani, hata kama hakuna aliyelitamka, na kwamba wasikilizaji huifasiri kila kauli kama hatua ya kulijibu swali hilo. Ukilielewa swali lililo mezani, kundi linajikata lenyewe.

Nyumbani tunalijua swali kwa sababu ni letu. Ofisini, swali ni la fomu. Chukua barua tatu zinazoweza kufika nyumba moja ndani ya mwezi mmoja, zote zikitaka uandike "watu wote wa kaya yako". Ya msaada wa chakula, SNAP, inawataka wanaoishi pamoja na kununua na kupika chakula pamoja. Mume na mke huhesabiwa pamoja hata wakipika mbali mbali, na vilevile mzazi na mtoto wake aliye chini ya miaka 22 anayeishi naye. Ya bima ya afya ya Medicaid, kwa watu wengi tangu 2014, inafuata zaidi jinsi mnavyowasilisha kodi ya mapato: nani anamwandika nani kama tegemezi wake. Ya mwenye nyumba inataka kujua nani analala humo. Mjomba mwenye sufuria yake na kazi yake anaweza kuwa nje ya fomu ya kwanza, nje ya ya pili, na ndani ya ya tatu. Ukijibu saba kwenye moja na watano kwenye nyingine, hujasema uongo, mradi kila jibu limefuata kundi la fomu yake. Anayebandika idadi moja kila mahali, kwa kuwa ndiyo idadi ya watu wa nyumba, ndiye anayepata barua ya kuitwa akajieleze.

Fomu za uhamiaji zinadai uangalifu zaidi. Mkimbizi anapofikisha mwaka mmoja nchini hutakiwa kuomba ukaazi wa kudumu, ile green card, kwa fomu ya I-485. Fomu hiyo inauliza idadi ya watoto wako wote walio hai, wakiwemo watu wazima. Tazama jinsi kundi linavyopanuka upande mmoja na kubana upande mwingine. Ndani yake yupo binti yako wa miaka 30 aliyeolewa Kigoma, ambaye hukumtaja kwa sababu ulidhani wanauliza wanaokutegemea. Yupo pia mtoto mliyepotezana naye vitani. Lakini mtoto wa marehemu dada yako, uliyemlea tangu akiwa mchanga na anayekuita baba, hamo kwenye neno watoto la fomu kama hukumwasili kisheria. Kwetu wote hao ni watoto wako, bila swali. Mweleze mwanasheria hali nzima, pamoja na malezi, na umwache yeye aamue nani anaandikwa wapi. Kentucky Refugee Ministries ya Louisville na Journey's End ya Buffalo zina huduma za kisheria kuhusu uhamiaji.

Halafu kuna "umewahi". Fomu ya N-400 ya kuomba uraia ina maswali mengi yanayoanza hivyo, na neno lenyewe limechapwa kwa herufi kubwa. Umewahi kukamatwa? Umewahi kuwa mwanachama wa kikundi fulani? Neno hili nalo ni la kiasi, ila linahesabu nyakati: je, kuna wakati wowote, katika maisha yako yote, mahali popote, ambapo jambo hili lilitokea? Akili ya mtu aliyeketi katika ofisi ya serikali ya Marekani, akizungumza na ofisa wa Marekani, hulikata kundi la nyakati lianze siku aliposhuka kwenye ndege. Hajaribu kuficha kitu. Anafanya kile ambacho akili hufanya kila siku sebuleni. Ukiwa unamsaidia mtu kujiandaa, usilisome swali peke yake. Mwongezee kundi: "Tangu ulipozaliwa, Kongo, Burundi, Tanzania au hapa, umewahi kukamatwa au kuwekwa ndani, hata kwa saa chache, hata kama hukufikishwa mahakamani?" Utaona jinsi anavyonyamaza kidogo na kuanza kukumbuka.

Pale panapokanushwa

Nirudi kwenye wote hawajaja. Kanuni ya kuaminika zaidi ni kutoliacha neno wote likae karibu na kitenzi kilichokanushwa unapokalimani. Ukitaka kusema sifuri, sema "hakuna hata mmoja". Ukitaka kusema wapo waliobaki, sema "si wote", kisha umuulize mwenye maneno: ni wangapi, na ni yupi. Mama akijibu "Hawajachanjwa wote", muulize palepale kwa Kiswahili, "Aliyebaki ni nani?" Mkalimani ana haki ya kuomba ufafanuzi, ila amwambie muuguzi kwamba anaomba ufafanuzi, asije akadhani mnazungumza mambo yenu.

Usidhani ugumu huu ni wa watu wasiosoma. Marcel Just na Patricia Carpenter walionyesha mwaka 1971 kwamba watu huchukua muda mrefu zaidi kuhakiki sentensi yenye kiasi cha kukanusha kuliko yenye kiasi cha kukubali, hata picha ikiwa ile ile. Mwaka 2010 Thomas Urbach na Marta Kutas wa San Diego walipima mawimbi ya umeme ya ubongo wakati watu wakisoma sentensi kama "Wakulima wengi hulima mazao" na "Wakulima wachache hulima mazao". Sentensi ya pili haiendani na ulimwengu tunaoujua, na wasomaji walipoulizwa mwishoni walilitambua hilo. Lakini wakati wenyewe wa kusoma, ubongo wao uliendelea kulipokea neno mazao kwa wepesi, kwa kuwa wakulima na mazao ni marafiki wa siku nyingi. Akili ilikimbilia majina ya vitu, na neno dogo la kiasi likafika kamili baadaye. Ninalichukulia hili kwa uzito mkubwa, maana ofisini hakuna baadaye: swali linalofuata limeshaulizwa. Ndiyo maana nashauri kulirudia neno la kiasi kwa sauti kabla ya kujibu. "Unauliza yeyote, hata kama hafanyi kazi?" Sentensi fupi kama hiyo huipa akili nafasi ya kulifikia neno.

Mfano mzuri wa kujifunzia umo katika yale maswali 100 ya uraia yaliyotungwa 2008, ambayo ni ya walioomba uraia kabla ya Oktoba 20, 2025. Swali moja linataka haki moja ya raia wa Marekani pekee. Lingine linataka haki mbili za kila mtu anayeishi Marekani. Mtu aliyekariri majibu husikia haki na Marekani, akatoa jibu la kwanza linalomjia. Uhuru wa kusema ni jibu sahihi kwa swali la pili na ni kosa kwa la kwanza. Kupiga kura katika uchaguzi wa serikali kuu ni kinyume chake. Unapomsimamia mzazi wako mazoezi, usimpe maswali ya jozi kama hii mbali mbali. Mpe yakifuatana, ukiyabadilisha badilisha, mpaka sikio lake lizoee kulingoja neno pekee.

Dawa nazo zina ukanushi wake: "si zaidi ya sita kwa saa 24". Bart Geurts na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba maneno ya aina ya "angalau" na "si zaidi ya" huchukua muda mrefu zaidi kueleweka kuliko "zaidi ya" na "chini ya", na kwamba "si zaidi ya" ndilo gumu kuliko yote. Kinachobaki kichwani kwa mgonjwa ni namba sita, na akaichukua kama lengo la kulifikia. Ukimkalimania mgonjwa, geuza mpaka uwe kitendo: "Sita ndiyo mwisho. Ukishameza ya sita, hata ukiumwa, usimeze nyingine mpaka saa 24 ziishe tangu ulipomeza ya kwanza." Kisha mwache akueleze yeye atafanyaje kesho asubuhi. Usimuulize kama ameelewa, maana kwa adabu atasema ndiyo.

Baadhi, na lile lisilosemwa

Mwajiri akiandika kwamba baadhi ya wafanyakazi watalipwa ovataimu, unasikia mambo mawili: wapo watakaolipwa, na si wote. La kwanza limeandikwa. La pili umelileta wewe. Paul Grice alilieleza jambo hili katika mihadhara yake ya Harvard mwaka 1967: msikilizaji hudhani msemaji anatoa habari ya kutosha, kwa hiyo kama angeweza kusema wote angesema wote, amesema baadhi, basi si wote. Kwa mantiki tupu, baadhi haikatai wote. Mtu aliyekula chapati zote amekula pia baadhi ya chapati.

Ira Noveck aliwapa watoto na watu wazima wa Ufaransa sentensi ya aina hii: baadhi ya twiga wana shingo ndefu. Katika matokeo aliyoyachapisha 2001, watoto wa miaka minane na kumi waliikubali zaidi ya mara 8 kati ya 10, kwa kuwa ni kweli wapo twiga wenye shingo ndefu. Watu wazima waliikubali kama mara 4 tu kati ya 10. Waliobaki walisema hapana, ni twiga wote. Miaka mitatu baadaye, yeye na Lewis Bott walionyesha kwamba watu wazima wanaoikataa sentensi ya aina hii huchelewa kujibu kuliko wanaoikubali. Ile hatua ya kufikia si wote inaigharimu akili kazi ya ziada.

Kwako wewe hili lina maana kubwa mbili. Kwanza, mtoto hasikii kile kisichosemwa kama anavyokisikia mtu mzima. Daktari akisema "baadhi ya vipimo ni vizuri", mtu mzima ataelewa kwamba kuna kipimo kibaya kinakuja. Mtoto wa miaka tisa anayemkalimania bibi yake anaweza kukabidhi sehemu ya kwanza tu, tena kwa furaha, na bibi akarudi nyumbani akimshukuru Mungu. Kanuni za sheria ya bima ya afya ya 2010 haziruhusu hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kumtegemea mtoto kuwa mkalimani, isipokuwa katika dharura wakati hakuna mwingine wa kumpata papo hapo. Mkalimani hutolewa bure, kwa simu, kwa video au ana kwa ana. Mwombe unapopanga miadi, na utaje Kiswahili cha wapi. Mama wa Uvira anayesema "batoto bote" atamwelewa mtu wa Zanzibar, lakini mtu wa Zanzibar asiyezoea atasita, na kusita ndiko kunakomeza maneno madogo.

Pili, usimkabidhi ofisa dhana uliyoileta mwenyewe. Mgonjwa akisema "baadhi ya dawa nimemeza", mpe daktari baadhi, usimpe "hakumaliza". Huenda hakumaliza, huenda bado anahesabu. Daktari atauliza zilizobaki ziko wapi, na mgonjwa atajibu kwa mdomo wake.

Viwili, au viwili viwili?

Hapa Kiswahili kina zawadi ambayo wengi tunaitumia bila kuithamini. "Wape watoto vidonge viwili" inaacha swali: viwili kwa wote, au kila mmoja apate viwili? "Wape watoto vidonge viwili viwili" haina shaka yoyote. Kwa kuirudia namba, umemgawia kila mtoto fungu lake. Kiingereza hakiirudii namba hivi, kwa hiyo sentensi za maagizo ya hospitali, za ghala na za shule mara nyingi huja bila mgawo. Zikija hivyo, usizikalimani kabla hujauliza. Mtu aliyezoea bahasha ya dawa iliyoandikwa 1x3, moja mara tatu kwa siku, na sasa ameshika chupa inayosema kila baada ya saa nane, anahitaji kusikia: kimoja kimoja, mara tatu, usiku ukihesabiwa.

Katika maghala ya Louisville na Columbus swali ni lile lile. Msimamizi akisema watu watatu wapakie maboksi mia, je ni mia moja kwa pamoja au mia mia? Uliza kabla shifti haijaanza.

Mkataba wa nyumba ndipo mahali neno wote linapoumiza zaidi. Vijana watatu wanapanga nyumba Buffalo kwa dola 1,200 kwa mwezi na kuambiwa kwamba wapangaji wote wanawajibika kwa kodi. Kila mmoja anagawa kwa tatu kichwani, anapata 400, anatia sahihi kwa amani. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema wapangaji wanawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Maana yake ni kwamba wawili wakihama usiku, mwenye nyumba anaweza kumdai aliyebaki 1,200 zote. Yeye akidai fedha kwa wenzake, hilo ni la kwao watatu. Kabla ya kalamu kugusa karatasi, muulize mwenye nyumba swali hili hasa: "Mmoja wetu asipolipa, nani anadaiwa, na kiasi gani?"

Wengi ni wangapi?

"Wengi" haina namba. Wagonjwa 15 kwenye chumba cha daktari ni wengi. Watu 15 uwanjani ni wachache. "Walio wengi" ni neno jingine kabisa: hilo ni zaidi ya nusu. Usiyabadilishane. Kamati ya jengo ikisema watu wengi wamelalamika, hakuna anayejua kama wamevuka nusu. Ikisema walio wengi, unaweza kudai hesabu.

Kwenye wachache nako kuna mtego, unaokaa katika sentensi inayofuata. Linda Moxey na Anthony Sanford wa Glasgow walichunguza kwa miaka mingi jinsi maneno ya aina hii yanavyouelekeza moyo wa msikilizaji kwa waliomo au kwa wasiokuwemo. Jaribu kwa sikio lako. "Wazazi wachache walikuja mkutanoni. Walikaa mbele." Waliokaa mbele ni waliokuja. "Wazazi wachache tu walikuja mkutanoni. Walikuwa kazini." Waliokuwa kazini ni wale wasiokuja. Neno tu limeugeuza uso wa msikilizaji kuelekea mlangoni. Mwalimu akiandika sentensi ya pili kwenye barua ya shule, anawalaumu au kuwaonea huruma wasiofika; ukiikalimani bila tu, barua imekuwa ya pongezi.

Daktari akisema dawa hii mara chache huleta kizunguzungu, mwombe namba: kati ya watu mia, ni wangapi? Hata wataalamu wa maneno hutofautiana. Mwaka 1951 wachambuzi wa ujasusi wa Marekani waliandika kwamba kushambuliwa kwa Yugoslavia ni uwezekano wa kuchukuliwa kwa uzito. Sherman Kent, mmoja wao, aliwauliza wenzake walimaanisha nini, na baadaye, mwaka 1964, akaandika kwamba majibu yao yalianzia 20 kwa 80 hadi 80 kwa 20. Walikuwa wameitia sahihi sentensi moja.

Watoto wako wakitaka kulifanyia mchezo somo hili, tumia maharage na vikombe vitano nyumbani: "Weka harage katika vikombe vyote. Baadhi. Vilivyo vingi. Hakuna." Utafiti mkubwa wa Napoleon Katsos na wenzake, uliotoka 2016, uliwapima watoto wa miaka mitano katika lugha 31 na kukuta wote na hakuna yanashikwa mapema kuliko baadhi na walio wengi, kwa mpangilio unaofanana lugha hadi lugha. Kwa hiyo usimkemee anayekosea walio wengi. Walio Columbus wanaweza kwenda pia COSI, makumbusho ya sayansi kando ya mto, ambamo Ohio State ina maabara ya lugha inayofanya majaribio na wageni.

Na ukishakuwa raia, unaweza kuitwa kwenye juri. Hapo maneno ya kiasi yana uhai wa watu ndani yake. Kesi ya jinai nzito inataka wote, bila kumwacha hata mmoja; tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Ramos mwaka 2020, hakuna jimbo linaloruhusiwa kumtia mtu hatiani kwa kura pungufu. Kesi za madai ni tofauti, na zinatofautiana jimbo hadi jimbo. Louisville, kwa sheria ya Kentucky, robo tatu zinatosha: 9 kati ya 12. Columbus, kwa sheria ya Ohio, ni robo tatu pia, ila juri ya madai ina watu 8, kwa hiyo ni 6. Buffalo, kwa sheria ya New York, ni tano kwa sita: 5 kati ya 6. Jaji atayasoma haya katika maelekezo marefu, mara moja, kwa sauti ya mtu aliyeyasoma mara nyingi. Andika namba kwenye karatasi anapoitamka. Mkishaingia chumbani na neno moja likawakwaza, juri inaruhusiwa kumwandikia jaji na kuomba asome tena maelekezo hayo.